Vyuo vya Ufundi: Tulipie Ujuzi, Tusilipie Karatasi

Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa njia ya reli mbele ya mkutano wa wanachama na wazazi, Kitengela



Katibu aliponiambia niseme juu ya vyuo vya ufundi, nilimjibu ya kwamba mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni nikaishia hapo, kwa kuwa karo ya sekondari haikupatikana. Akaniambia, "Ndiyo sababu tunakutaka wewe. Waalimu wamekwisha kusema." Basi nimekuja kusema kama mtu anayekula kwa mikono yake, na mwenye watoto nyumbani ambao nao watakula kwa mikono yao.

Nitaanza na habari ya nyundo. Zamani katika reli palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupita kando ya mabehewa akishika nyundo yenye mpini mrefu. Aligonga kila gurudumu na kutega sikio. Gurudumu zima hulia kama kengele, na lenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Mtu yule hakutazama rangi ya behewa, wala hakusoma maandishi yaliyoandikwa ubavuni. Aligonga, akasikiliza, na kama sauti ilikuwa mbaya behewa lilitolewa, hata kama lilipakwa rangi jana.

Ndugu zangu, leo nataka tujifunze kugonga vyuo kwa nyundo namna hiyo. Tumekuwa tukitazama rangi tu.

Dada yangu anakaa upande wa Kajiado. Ana kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne bila alama za kwenda mbali. Hapa Kitengela palikuwa na chuo kilichokuwa juu ya maduka, na bango lake lilisema umeme, kompyuta, hoteli, na urembo, vyote chini ya paa moja. Dada alichukua mkopo katika kikundi chao cha akina mama, akalipa. Kijana alisoma ufundi wa umeme miezi minane. Akaja kwangu na cheti chenye muhuri mzuri wa rangi ya dhahabu.

Nilifurahi, nikamtafutia kibarua kwa mtu anayejenga nyumba za kupanga. Siku ya pili yule bwana alimrudisha. Alisema, "Kijana wako ana adabu, lakini atajiua au ataniulia mtu." Alikuwa ameshika waya bila kupima kwanza kama una umeme. Nikamketisha, nikamwuliza polepole. Akanieleza ya kwamba darasani walikuwa zaidi ya arobaini na mita ya kupimia umeme ilikuwa moja. Yeye mwenyewe aliishika mara mbili. Mengine yote yaliandikwa ubaoni, wakayanakili. Mwalimu wao alikuwa ametoka tu kumaliza masomo katika chuo kingine, wala hajapata kufunga nyaya katika nyumba ya mtu hata moja.

Chuo kile simtajii mtu, maana nia yangu si kugombana na mwenye bango. Nawaambieni tu ya kwamba dada yangu hata leo anaulipa mkopo ule, na cheti kimo ndani ya sanduku.

Sasa mtu atasema, "Je, serikali haipo?" Ipo, na sheria ipo. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi. Kwa sheria hiyo iliundwa mamlaka iitwayo TVETA, ambayo kazi yake ni kuandikisha vyuo, kuvipa leseni, na kuandikisha waalimu wa ufundi. Chuo kisichokuwa na leseni hakina ruhusa ya kufundisha. Sheria hiyo hiyo iliunda baraza liitwalo CDACC, lenye kazi ya kutunga mitaala ya ufundi, kupima wanafunzi, na kutoa vyeti. Mwaka 2014 ikapitishwa sheria nyingine ya kupanga vyeti vyote vya nchi katika ngazi. Tena iko NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo hutoa mtihani wa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Mimi mwenyewe nilipata gredi ya tatu kwa njia hiyo.

Tena katiba ya 2010 iligawanya kazi. Vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini viliwekwa chini ya kaunti, na vyuo vikubwa vya ufundi vikabaki chini ya serikali kuu. Maana yake ni hii: mzazi mwenye malalamiko juu ya chuo cha kijijini mlango wake uko Kajiado mjini, katika ofisi ya kaunti. Mwenye malalamiko juu ya chuo kikubwa mlango wake uko Nairobi. Wazazi wengi hawajui, na hubisha mlango usiokuwa wao mpaka wakachoka.

Basi sheria si haba. Kwa nini kijana wa dada yangu akapita katikati ya sheria zote hizo kama maji katika wavu? Nimefikiri sana, na naona ziko sababu nne.

Sababu ya kwanza ni vyombo. Ufundi wa chuma haufundishwi kwa chaki. Kujua kuchomelea vyuma yapasa kijana aharibu vyuma vingi kwanza, na kila chuma kinachoharibika kina bei yake. Mpango uliowekwa 2018 kwa vyuo vya serikali ulikuwa hivi: karo ya mwaka ilikuwa shilingi 56,420, na serikali ilitoa shilingi 30,000 kwa kila mwanafunzi. Iliyobaki ilikuwa shilingi 26,420, ambayo mwanafunzi aliitafuta au alikopa. Mpango huo ulifungua mlango kwa watoto wengi wa maskini, nasi tuliushukuru. Lakini fedha za serikali zikichelewa, mkuu wa chuo hupunguza nini? Hawezi kupunguza mlinzi wala ugali. Hupunguza vijiti vya kuchomelea, mbao, nyaya, na mafuta ya mashine. Kwa nje chuo huonekana kizima. Ndani karakana imenyamaza.

Sababu ya pili ni waalimu. Tangu 2013 serikali imejenga vyuo vingi vipya, ikikusudia kila jimbo la uchaguzi liwe na chake. Ni jambo jema. Lakini ukuta hujengwa kwa mwaka mmoja, na mwalimu wa ufundi hatengenezwi kwa mwaka mmoja. Mtu aliyefanya kazi ya mikono miaka kumi na tano mara nyingi hana stashahada ya kumruhusu kufundisha. Mwenye stashahada mara nyingi hakupata kufanya kazi. Yule anayejua hana ruhusa, na mwenye ruhusa hajui. Twapoteza kotekote.

Sababu ya tatu ni upimaji. Mtaala mpya wa umahiri una fikira nzuri. Hautaki kijana aandike insha juu ya bomba. Wataka aunganishe bomba mbele ya macho ya mtu, na ahukumiwe kama ameweza, au bado hajaweza. Hata mimi nyapara wangu alinihukumu hivyo. Lakini fikira hiyo yataka ushahidi, picha, na majalada. Nimemwona kijana aliyepigwa picha ameshika mashine ambayo hakuiwasha, na picha ikawekwa ndani ya jalada. Tena chuo kinachofundisha ndicho mara nyingi kinachosimamia sehemu kubwa ya kupima, na chuo hicho hicho chataka kuonekana kinafaulisha. Mkaguzi akija, hukuta majalada yamepangwa vizuri. Asipoigonga karakana, atasoma rangi na kwenda zake. Na mwalimu mwema naye hukaa usiku akijaza karatasi badala ya kunoa patasi. Makaratasi yameongezeka, vyuma havikuongezeka.

Sababu ya nne ni sisi wenyewe. Twadharau kazi ya mikono. Mzazi humtisha mtoto, "Usiposoma utaishia chuo cha ufundi," kama vile anamtisha na jela. Kisha alama zikianguka twampeleka huko huko, tukiwa na haraka, bila kuuliza neno. Kununua mbuzi twamfungua mdomo tukahesabu meno. Kununua masomo ya mtoto twasoma bango.

Na gharama ya upande wa Kajiado mnaijua. Ukame wa 2021 na 2022 ulimaliza mifugo mingi ya ndugu zetu Wamaasai. Jirani yangu mmoja wa upande wa Isinya alibaki na ng'ombe wachache, akauza watatu ili kijana wake asome ufundi wa magari. Mzee yule hakuwa anauza maziwa ya ziada. Alikuwa akiuza mfupa wa mgongo wake. Mtu akichukua ng'ombe watatu wa namna hiyo na kurudisha karatasi isiyofanya kazi, mimi sioni tofauti yake na mwizi wa mifugo, ila huyu ana risiti.

Sasa nisije nikasemwa ya kwamba nasifu mambo ya zamani tu. Mimi nilifundishwa kazi ya njia na nyapara mzee. Alinifundisha kukaza reli, kupima upana wa njia, ambao katika reli yetu ya zamani ni mita moja, na kulala kifudifudi ili kutazama kama reli imepinda. Alikuwa hodari. Lakini nilipomwuliza kwa nini lazima ibaki nafasi ndogo kati ya reli na reli, alisema, "Ndivyo ilivyo." Baadaye nikaambiwa na mtu aliyesoma ya kwamba chuma hurefuka kwa joto, na kisipopata nafasi reli hujikunja kando kama nyoka na gari likaanguka. Nyapara alijua la kufanya bila kujua sababu. Na siku ilipokuja reli mpya ya SGR mwaka 2017, ambayo upana wake ni milimita 1,435 na vipande vyake vimechomelewa pamoja, wale waliojua kwa mazoea tu waliachwa nje. Kwa hiyo chuo chatakiwa. Mkono bila sababu huishia pale mashine inapobadilika, na sababu bila mkono haikazi hata nati moja. Chuo chema ni kile kinachovioa viwili hivyo.

Reli ililijua jambo hilo zamani. Mwaka 1956, wakati wa reli ya Afrika Mashariki, ilifunguliwa shule ya reli Nairobi, ili mafundi, madereva na watu wa stesheni wafundishwe na reli yenyewe, karibu na karakana. Na mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa juu ya vijana waliomaliza shule ya msingi bila kazi, na kutoka katika fikira zile vikaanzishwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Waanzilishi wake waliuliza kwanza: hapa kijijini kuna kazi gani? Kisha wakafundisha kazi hiyo. Siku hizi twaanza na jina la kozi, halafu twatafuta kazi.

Basi tuulize, hapa petu kuna kazi gani? Athi River kuna viwanda vya saruji, na viwanda vya nguo katika eneo la bidhaa za kuuzwa nje, ambalo mpango wake ulianza 1990. Kwenye barabara ya Namanga kuna mashamba ya maua. Kitengela nzima inajengwa, wanatakiwa waashi, mafundi wa bomba na wa umeme. Huko Kajiado maji mengi hutoka katika visima virefu, na pampu ikifa kijiji na ng'ombe wake hulala na kiu. Na iko njia ya reli itokayo Konza kupita Kajiado mpaka Magadi, iliyojengwa kabla ya 1916 kwa ajili ya magadi yale. Nawaulizeni: ni vijana wangapi wa kaunti hii mnaowajua wanaoweza kuitoa pampu kisimani, kuifungua, na kuirudisha ikapiga maji? Na ni wangapi wana vyeti vya kompyuta?

Nchi nyingine zimekuwa na taabu hii. Ujerumani kijana wa ufundi husoma sehemu ya juma katika shule, na siku zinazobaki huwa kiwandani chini ya fundi, kwa mkataba na kwa posho. Nalo lililonipendeza zaidi ni mtihani. Halmashauri inayomtahini ina wajumbe wa waajiri, wajumbe wa wafanya kazi kwa hesabu ile ile, na mwalimu. Chuo hakijihukumu chenyewe, na mfanya kazi ana kiti mezani. Hatuwezi kuchukua mambo yao yote, maana viwanda vyetu si vingi. Lakini kiti kile twaweza kukidai. Hapa kwetu bodi ya NITA ina wajumbe wa wafanya kazi pamoja na wa waajiri. Basi jambo si geni. Limebaki juu tu, halijashuka mpaka karakana ya Kajiado.

Sasa nasema yanayotupasa sisi, maana mkutano wa kulalamika peke yake ni kupoteza nauli.

Kwanza, kabla hujalipa hata shilingi moja, nenda chuoni mwenyewe, siku ya kazi, wala usiende siku ya sherehe. Uliza maneno matano. Leseni ya TVETA iko wapi, na je, inataja kozi hii ninayoitaka, maana chuo chaweza kuruhusiwa kufundisha ushoni na kisiruhusiwe kufundisha umeme. Cheti mwishoni kitatolewa na nani, chuo chenyewe au baraza la taifa? Vyombo ni vingapi na wanafunzi wangapi? Mwalimu amefanya kazi hii wapi kabla ya kufundisha? Na wanafunzi wa mwaka jana wako wapi, nipe simu ya wawili. Mwenye chuo chema atakupeleka karakanani kwa furaha. Mwenye chuo kibaya atakupa soda na kukuketisha ofisini.

Pili, naomba tawi lichague watu watatu, mmoja wa umeme, mmoja wa vyuma na mmoja wa ujenzi, waombe ruhusa ya kutembelea vyuo vya hapa na vya Kajiado mara moja kila muhula. Wasiende kama polisi. Waende kama yule mtu wa nyundo, na wakute vipi chuo kinasaidiwa. Huenda chuo kimekosa vipande vya chuma, na sisi tunajua karakana inayovitupa.

Tatu, atachimenti. Vijana huzunguka Athi River wakiomba mahali pa kufanya mazoezi, na hufukuzwa mlangoni. Wajumbe wetu viwandani waseme na waajiri wawapokee. Lakini hapa tuwe macho. Kijana wa mazoezi asitumiwe kufagia yadi miezi mitatu, wala asiwekwe mahali pa mtu wa mshahara ili mtu huyo aachishwe. Akiingia, awe na fundi wake aliyetajwa kwa jina, na orodha ya kazi za kujifunza. Tusipolinda hilo, sisi wenyewe tutaanza kuwachukia vijana wetu, na mwajiri atacheka.

Nne, mwajiri hulipa NITA shilingi 50 kwa kila mfanya kazi kila mwezi, ndiyo shilingi 600 kwa mwaka. Fedha hizo ni zake mwajiri, haruhusiwi kuzikata katika mshahara wako, na akifundisha watu wake kwa utaratibu aweza kuomba kurudishiwa gharama. Basi mjumbe aulize katika kila mkutano na mwajiri: mwaka huu mmemfundisha nani, na nini? Wengi wetu hatujapata kuuliza.

Tano, nasema na wazee wetu wanaokaribia kustaafu. Mtu akiondoka na miaka thelathini ya kazi kichwani, ni kama karakana imeungua. Chama kiwasaidie wenye ujuzi bila karatasi wapimwe wapate gredi, na kiombe vyuo viwaalike hata siku moja kwa juma. Hapa Kitengela yuko mama mmoja anayetengeneza milango ya chuma kando ya barabara, na vijana watatu wamejifunza kwake, wote wana kazi. Yeye mwenyewe hana cheti. Kijana wa dada yangu ana cheti. Natamani tungewachanganya wawili hao mapema.

Nanyi vijana, msinisikie vibaya. Karatasi ni muhimu. Mimi bila gredi ya tatu nisingepandishwa cheo. Lakini karatasi ni shahidi tu, na shahidi ambaye hakuona kitu huaibika mbele ya hakimu. Hakimu wenu ni ile siku ya kwanza kazini.

Mtauliza kijana wa dada yangu yuko wapi. Yuko kwa fundi mmoja wa umeme hapa mjini, anabeba ngazi, na sasa ni mwezi wa saba. Juma lililopita alikuja kwangu kurekebisha taa. Kabla hajagusa waya alitoa mita mfukoni akapima. Kisha akapima tena. Sikumwambia kitu. Lakini nilipompigia simu mama yake jioni ile alinyamaza kidogo, akasema, "Basi kumbe ingewezekana tangu mwanzo."

Maneno hayo ya dada nayaweka mbele ya mkutano, Mwenyekiti. Naomba ile halmashauri ya watu watatu ichaguliwe leo, kabla watu hawajaenda makwao.